Lori Lililokosa Tanuri

"Mgonjwa hajafika wodini."

Sauti ya Mjomba ilikuwa kavu sikioni mwa Pole.

"Ninaye," Pole akajibu. "Yuko mbele yangu."

"Anaelekea wapi?"

"Hajaniambia, Mjomba. Subiri."

Akakaza mkono. Pikipiki yake, Yamaha, ikanguruma, ikapenya kati ya teksi na basi la shule, na hapo akaliona tena. Lori jeupe la serikali, mgongoni limebeba kontena la bluu. Ndani yake mlikuwa na bunduki zilizosalimishwa na wananchi wa wilaya nzima. Kwenye mzunguko lilipaswa kukata kushoto kwenda kiwanda cha chuma, ambako tanuri lilikuwa limewashwa tangu alfajiri likilisubiri.

Halikukata kushoto.

Lilinyoosha.

"Mjomba, mgonjwa kaipita hospitali."

"Gari la walinzi liko wapi?"

"Silioni."

"Basi nisikilize vizuri. Kuna mtu wetu anayeuza siri. Redio hii si salama tena. Zima. Usiniite mpaka uone kwa macho yako ni nani na ni wapi."

"Nimekuelewa."

"Na Pole."

"Naam."

"Usijifanye shujaa."

Akazima.

Pole halikuwa jina alilopewa na wazazi. Katika idara ile hakuna aliyetumia jina la wazazi. Walimwita hivyo kwa sababu ndilo neno alilomwambia mtu kabla ya kumlaza chini, na alilisema kwa moyo, kama anayetoa rambirambi mapema. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo mwenye sura ya mwalimu wa hesabu. Benki watu walimpisha kwenye foleni. Walinzi hawakumpekua. Wengi walijutia jambo hilo.

Lori lilishuka bondeni, kwenye viwanda vya zamani. Pole akaacha magari mawili yamtangulie, akaendelea kulifuata huku akiwaza.

Mwaka uliopita mtu mmoja aliingia dukani akanunua bunduki ya kivita kama anayenunua pasi. Hakuulizwa ni nani, wala anaitakia nini. Jumamosi yake akaingia nayo kwenye ukumbi wa harusi. Hakuwa na ugomvi na bwana harusi. Hakuwa na ugomvi na mtu yeyote mle ndani. Alipomaliza, keki ilikuwa bado imesimama mezani, nzima.

Dada yake Pole alikuwa humo. Hata mwalikwa hakuwa. Alikuwa fundi cherehani, ameitwa dakika za mwisho kukaza pindo la gauni la bibi harusi.

Baada ya msiba huo serikali ikatoa amri ya muda. Bunduki za kivita zirudishwe zote. Anayetaka ya kuwindia aombe kibali, achunguzwe, asubiri. Wapo waliong'aka, wapo waliolia kwa furaha. Leo alasiri Bunge lilikuwa linaipigia kura iwe sheria ya kudumu. Na leo hiyo hiyo, alasiri hiyo hiyo, kwenye uwanja ulio mbele ya ukumbi ule wa harusi, ndugu wa marehemu walikuwa wanakutana kuwakumbuka watu wao.

Na katikati ya hayo mawili, lori zima la bunduki linapotea njia mchana kweupe.

Pole hakuipenda harufu ya jambo hilo.

Lori likaingia geti la nyuma la kiwanda cha nguo. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mingi. Majani yameota hadi kwenye mabomba. Pole akaiegesha Yamaha nyuma ya ukuta, akapachua bastola yake, Glock nyeusi isiyong'aa, akaingia kwa dirisha lililovunjika.

Ukumbi wa kufumia ulikuwa mkubwa kama uwanja wa mpira. Mitambo imesimama safu kwa safu, imevaa vumbi. Mwisho wa ukumbi, mlango mpana ulitazama ujia uliobanwa na kuta mbili ndefu zilizozidi kukaribiana kuelekea getini. Kwenye ujia huo lori lilikuwa limesimama. Mbele ya lori, gari la wagonjwa, Toyota nyeupe yenye taa nyekundu juu. Mbele ya gari la wagonjwa, geti la mbele la chuma, limefungwa.

Gari la wagonjwa linafanya nini hapa?

Hakuona mtu. Milango ya kontena ilikuwa wazi.

Angeweza kungoja. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakungoja. Lakini Mjomba alisema aone kwa macho, na macho yalitaka kuona. Akapanda.

Ndani, bunduki zilikuwa zimepangwa kama kuni. Kalashnikov zenye vitako vilivyochubuka. Bunduki za kuwindia. Bastola ya kale iliyofungwa gundi ya karatasi mpinini. Kila moja ilikuwa na kibati chenye namba ya aliyeisalimisha. Pole akainua mkono. Saa yake ya Casio ilikuwa na jicho la kamera chini ya kioo. Akapiga picha. Akasogea ndani zaidi, akapiga tena. Upande wa kushoto kulikuwa na pengo. Bunduki kadhaa zilikuwa zimeshatolewa.

Mwanga ukapungua mgongoni mwake.

Aligeuka na bastola mkononi, kidole tayari. Mlangoni alisimama mwanamume mwenye sare za polisi, sajini, mkuu wa msafara. Mtu mrefu, mabega yameshuka.

Kidole cha Pole kikagoma.

"Shemeji?"

Alikuwa mume wa marehemu dada yake.

"Nisamehe, shemeji," yule mwanamume akasema.

Mlango ukagonga. Komeo likashuka. Kufuli likalia, *ka*.

Giza.

Giza la kontena si giza la usiku. La usiku lina pembe zake. Mtu akivumilia, macho hulizoea. Hili lilimkaa Pole usoni kama mfuko. Akausukuma mlango kwa bega. Akausukuma kwa miguu yote miwili, mgongo ukiegemea bunduki za watu. Haukutikisika hata kwa adabu.

Akalilenga komeo, kisha akaishusha bastola. Risasi ndani ya sanduku la chuma haina pa kwenda. Itagonga, itarudi, itagonga tena, mpaka ipate nyama. Na nyama ilikuwa moja tu mle ndani.

Alikuwa amezungukwa na bunduki za kutosha kikosi kizima, wala hazikumfaa kitu. Risasi zilikusanywa kando, zikasafirishwa kando. Hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe, alilitoa kwenye kikao. Walimpongeza.

Jua lilikuwa juu ya bati. Joto likaanza kushuka kutoka darini, polepole, zito, lenye harufu ya mafuta ya bunduki. Jasho likamwingia machoni. Akavuta pumzi, akaona haitoshi. Akavuta nyingine kwa pupa, moyo ukaanza kumpiga ngoma masikioni.

*Taratibu,* akajiambia. *Hewa haikimbii. Unakimbia wewe.*

Akakaa chini. Akahesabu vifungo vya shati kwa vidole, kimoja kimoja. Ndipo akaona uzi wa mwanga. Kwenye pembe ya chini, kutu ilikuwa imetoboa tundu la upana wa kidole gumba.

Akawasha redio, akapitisha waya wake kwenye tundu.

"...wote kiwanda cha chuma," sauti ya Mjomba ikaingia, mbali, yenye mikwaruzo. "Narudia, wote kiwanda cha chuma. Anzieni kwenye tanuri, karibu na hapo ndipo mgonjwa alipoonekana mara ya mwisho."

"Mjomba! Kiwanda cha nguo! Bondeni!"

"Kuna anayemsikia Pole?"

"Mjomba, mimi hapa!"

"Hakuna anayemsikia. Endeleeni."

Aliwasikia. Wao hawakumsikia. Aliwasikia wakiondoka kwenda kusiko, gari baada ya gari, na mmoja wao akasema uwanja wa kumbukumbu umeshajaa, watu wanatafutiwa viti. Pole akaibana redio kifuani kama mtu anayezikwa hai akisikia waombolezaji wanavyoagana juu ya kaburi.

Kisha akasikia sauti nyingine, za karibu. Upande wa ukumbini.

Akachomoa kwenye mkanda kidude kidogo, kipana kama kifungo cha koti, chenye sumaku. Akakibandika ukutani, akaunganisha na kisikilizi chake. Chuma kikaanza kusema.

"Mtaingia na gari la wagonjwa." Kiswahili cha msemaji kilikuwa kimenyooka mno, kama shati lililopigwa pasi na mtu asiyelivaa. Pole aliijua sauti hiyo. Idara ilikuwa na kanda zake. Walimwita Dalali, mgeni aliyeuza silaha kwa pande zote za kila vita. "Hakuna anayesimamisha gari la wagonjwa. Waziri akianza kusoma majina ya marehemu, mnafungua milango ya nyuma. Mkimaliza, zitupeni bunduki chini, halafu mtoke kwa miguu katika vurugu. Namba zionekane. Nasisitiza, namba zionekane."

"Kwa nini tuziache, bosi? Mali safi hii."

"Kwa sababu kila namba ina mwenyewe. Mwalimu. Mkulima. Mchungaji. Walizitoa kwa hiari. Kesho nchi nzima itauliza: kumbe bunduki tulizowapa ndizo mnazotuulia? Nani atarudisha nyingine? Mbunge gani atathubutu?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Hofu ni mteja mzuri. Haombi apunguziwe, wala harudishi mzigo."

"Na yule sajini?"

"Sajini anafikiri tunaficha bunduki ili serikali iaibike. Mwache afikiri hivyo. Atafungua geti, kisha atabaki hapa. Na huyo aliye kontenani naye atabaki."

Halafu ikaja sauti aliyoijua kuliko zote. Risasi zikisukumwa ndani ya magazini. *Tik. Tik. Tik.* Wanaume kadhaa, kwa utulivu, kama wanaomenya karanga.

Pole akafumba macho. Haikusaidia, giza lilikuwa lile lile.

Milango ya gari ikafunguliwa na kufungwa. Wale watu walikuwa wameingia kwenye gari la wagonjwa kungoja muda wao. Kisha nyayo, za mtu mmoja, anayeburuta viatu kwa uzito. Zikasimama kwenye pembe ya kontena.

"Shemeji." Alinong'ona. "Uko hai?"

"Bado."

"Nimekuletea maji. Nimewaambia nakagua tairi. Kinga mkono."

Maji yakaingia kwenye tundu la kutu, uzi mwembamba. Pole akakinga kiganja, akanywa kama kuku, akakinga tena. Yalikuwa na ladha ya chuma. Hakuwahi kunywa kitu kitamu kama kile.

"Vumilia," Shemeji akasema. "Jioni mswada ukishakufa nitakufungulia. Hakuna atakayeumia. Nilitaka tu sheria hii isipite."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini?" Sauti ikapanda, akaishusha. "Siku ile angekuwa na bastola mkobani, leo angekuwa jikoni kwangu ananigombeza. Nchi imetunyang'anya cha kujilindia, inatuambia tutulie."

"Angeishika kwa mkono upi, shemeji?" Pole akauliza. "Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika gauni la watu. Mdomoni alikuwa na pini."

Nje, viatu vya Shemeji vikakwaruza simenti.

"Aliyemuua angeulizwa swali moja tu dukani," Pole akaendelea. "Moja. *Bwana, unaitakia nini?* Angebabaika. Hakuna aliyemuuliza."

"Acha."

"Haya, naacha mimi. Msikilize bwana wako."

Akachomoa kisikilizi sikioni, akakipitisha kwenye tundu kwa waya wake. Kile kidude cha sumaku hakikuwa kinasikiliza tu, kilikuwa kinanasa. Akabonyeza kitufe.

Hakuisikia kanda, lakini aliisikia pumzi ya Shemeji. Ilianza ya kawaida. Ikakatika. Ikarudi fupi fupi. Kisha kitu kizito kikaegemea kontena, na Pole akajua ni paji la uso.

"Waliniambia hakuna damu," Shemeji akasema.

"Fungua."

"Waliniapia."

"Ufunguo unao. Nausikia unagonga kifungo chako. Fungua."

"Wataniua. Watoto hawana mama tayari. Nikifa mimi, nani?" Alikuwa analia sasa, kilio cha mtu mzima anayeziba mdomo kwa kiganja. "Maji yamezidi unga, shemeji. Siwezi. Siwezi."

Nyayo zikaanza kuondoka. Moja. Nyingine.

Kuna wakati mtu hana silaha, hana redio, hana mlango. Ana ulimi tu. Pole akaweka mdomo kwenye tundu la kutu.

"Mama yuko pale."

Nyayo zikasimama.

"Mama gani?"

"Mama mkwe wako. Mama yangu. Kiti cha mbele. Wamemwomba aweke shada la kwanza."

"Mwongo. Mama hajatoka nyumbani tangu mazishi."

"Leo katoka. Nilimfunga viatu mwenyewe, asubuhi. Alisema miguu imevimba lakini kwa mwanawe atatembea."

"Nitampigia."

"Kwa simu gani?"

Dalali alikuwa amekusanya simu zao zote, na Pole alikuwa amemsikia akizidai. Nje upepo ukasukuma bati mahali fulani, likalia, likanyamaza. Mwanamke yule alikuwa amewalea watoto wa Shemeji tangu msiba. Alimwogesha mdogo, alimsomesha mkubwa, na Shemeji mwenyewe, usiku aliposhindwa kula, alimwekea sahani mbele akakaa naye mpaka ikaisha. Mkwe ni mkwe. Mtu anaweza kujikosea mwenyewe, anaweza kuikosea serikali. Mkwe hakosewi.

Ufunguo ukakwaruza kufuli.

Mwanga ukaingia kama kofi. Pole akaanguka nje, akatua kwa magoti, akameza hewa. Shemeji alikuwa juu yake, uso umelowa.

"Sajini! Geti!"

Dalali alitokea mlango wa ukumbi, suti ya kijivu, kitambaa cha kufutia jasho mkononi. Aliona kontena wazi. Hakushangaa hata kidogo. Mkono uliingia kotini na kutoka na Beretta, ikafyatuka. Shemeji akapiga yowe, akakaa chini ameshika paja.

Pole hakuwa tena pale.

Alikuwa amebingiria chini ya lori. Risasi ya pili ikapasua simenti alipokuwa. Akatokea upande wa pili, akazunguka pua ya lori, na Dalali alipoinama kutazama chini ya magurudumu, alikuta hakuna mtu.

"Pole," sauti ikasema nyuma yake.

Kitako cha Glock kikamkuta nyuma ya sikio. Dalali akalala, suti na yote.

Lakini mlio wa bastola ulikuwa umesikika. Gari la wagonjwa likaunguruma. Mbele geti limefungwa. Milango ya pembeni imebanwa na kuta, haifunguki zaidi ya upana wa kiganja. Njia ya kutokea ilikuwa moja, milango ya nyuma. Na milango ya nyuma ilikuwa inaanza kufunguka. Mtutu ukachungulia.

Pole akarukia ndani ya lori. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Akatia gia, akajilaza kwenye kiti, akakandamiza mafuta kwa mguu.

Lori likaruka mbele.

Milango ya nyuma ikajifunga kwa kishindo, bati likakunjamana kama karatasi. Gari la wagonjwa likasukumwa, likakwaruza kuta zote mbili kwa cheche, pua ikagonga geti. Geti likapinda. Halikufunguka.

Risasi zikaja. Kioo cha lori kikamwagika juu ya Pole, vipande vikamwingia kwenye kola. Akabaki amelala, mguu pale pale, kifua kikigusa kiti. Kiti kikatema pamba. Juu ya kichwa chake kioo cha pembeni kikatoweka.

Kisha kukawa na mapumziko. Watu waliofyatua wote kwa pamoja hubadilisha magazini kwa pamoja. Wanaojua kazi hawafanyi hivyo.

Pole akavuta breki ya mkono, akaacha lori limelikandamiza gari la wagonjwa, akatoka kwa dirisha lisilo na kioo. Akapanda juu ya kichwa cha lori. Akaruka. Viatu vyake vya mpira vilitua juu ya paa la gari la wagonjwa bila kelele nyingi. Juu ya paa kulikuwa na tundu la hewa, lenye kifuniko cha plastiki. Akakipiga teke, akachomoa kwenye mkanda bomu la machozi dogo kama kopo la maziwa, akang'oa pini, akalidondosha ndani.

Akaliziba tundu kwa begi lake la mgongoni, akalikalia.

Ndani kukawa na kelele. Kisha kukohoa. Kisha mtu akaanza kumwita mama yake.

"Sikilizeni!" Pole akapaza sauti. "Muda wa kusalimisha silaha uliisha mwezi uliopita. Lakini leo niko katika hali nzuri, nawaongezea kidogo. Vunjeni kioo cha mbele. Bunduki kwanza. Mikono baadaye. Atakayekosea mpangilio huo, niko juu yake."

Kioo cha mbele kikavunjika. Bunduki ya kwanza ikatoka, ikaanguka kwenye boneti na kibati chake cha namba kikining'inia. Ikafuata ya pili. Zikaja zote, moja moja, na nyuma yake mikono, na nyuma ya mikono nyuso zilizojaa machozi na kamasi.

Pole akawasha redio. Chini ya mbingu wazi ilikuwa inasikika vizuri.

"Mjomba."

"Pole! Uko wapi wewe?"

"Kiwanda cha nguo, bondeni. Geti la mbele. Mgonjwa nimempata."

"Hali yake?"

"Anakohoa."

Walifika wengi, kwa ving'ora, wakachelewa kama ilivyo desturi ya ving'ora. Wale watu walilazwa chini, wakafungwa pingu. Dalali alizinduka, akaomba wakili kwa Kiswahili kile kile kilichonyooka, akapewa ndoo ya maji anawe uso kwanza. Mjomba alishuka garini, mzee mnene aliyevaa sweta hata wakati wa joto, akazunguka lile lori mara moja akitingisha kichwa.

"Nilikwambia usijifanye shujaa."

"Sikujifanya. Nilifungiwa."

Shemeji alikuwa juu ya machela, paja limefungwa, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha machela. Alimwona Pole, akajaribu kuinuka.

"Mama," akasema. "Mama yuko salama? Walimwondoa pale uwanjani?"

Pole akasogea. Alijua siku hii itakuwa ngumu; hakujua kwamba sehemu ngumu itakuwa hii.

"Mama yuko nyumbani," akasema. "Nilipomwacha asubuhi alikuwa anachambua mchele. Hajatoka. Hajui chochote kuhusu kiti cha mbele."

Shemeji akamtazama muda mrefu. Kisha:

"Ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Kwa jina la mama."

"Kwa jina la mama, ndiyo." Pole akamfuta jasho kwenye paji kwa kiganja chake, kama anavyofutwa mtoto mwenye homa. "Wale waliopo pale, shemeji, wote ni wakwe wa watu."

Shemeji akageuza uso upande wa ukuta. Mabega yakaanza kutikisika. Wahudumu wakaisukuma machela, na Pole akatembea nayo, mkono juu ya ule mkono wenye pingu, mpaka gari lilipofungwa milango.

Kutoka redio ya gari la Mjomba ilisikika sauti ya Waziri uwanjani, ikisoma majina. Ilisoma taratibu, jina moja moja, na baada ya kila jina kulikuwa na kimya cha watu wengi waliokaa pamoja. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kilichokuwa njiani kuwafikia. Jina la dada yake Pole lilisomwa pia. Pole alilisikiliza amesimama, macho chini, vipande vya kioo vikimetameta kwenye nywele.

Majina yalipokwisha, akaenda nyuma ya ukuta, akarudi akiikokota Yamaha.

"Bunge linaanza kura sasa hivi," Mjomba akasema. "Hesabu zinakaribiana. Hukai usikie?"

"Nitasikia tu."

"Una ripoti ya kuandika."

"Kesho."

"Basi nenda ukalale."

Pole akapachika bastola chini ya koti, akavaa kofia ngumu. Akaupiga teke mguu wa pikipiki.

"Nakwenda kwa mama," akasema. "Lazima mtu amwambie habari za mkwewe kabla redio haijamwambia."

Akapiga stata. Akapita katikati ya magari ya polisi, taratibu, bila kugeuka, akapandisha kilima.